Udongo Uliochekechwa

Nyumbani,
6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nimeiba udongo.

Naona bora nianze na hilo kabla mkono haujaogopa. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu wa dawati moja ambaye zamani nilimwambia kila kitu. Wiki ile niliyomaliza mtihani wa mwisho nilibeba toroli tisa za udongo, mchana kweupe, na hakuna aliyeniuliza naupeleka wapi. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mtu ambaye watu hawamwoni.

Udongo wenyewe ukiuona utacheka. Ni laini kama unga. Hauna kokoto, hauna mzizi, hauna kipande cha chupa. Unakumbuka ulivyokuwa ukipiga jembe kwenye bustani yako nyuma ya jiko, jembe linaruka kama limegonga sakafu, na karoti zako zinatoka zimejikunja kama vidole vya bibi kizee? Ulikuwa unasema, "Siku moja nitapata udongo wa kweli." Basi nimefukua vitalu vyako viwili hadi magotini, nikatupa mawe yote, nikajaza huo mpya. Karoti zimeshaota, na vitunguu nimevipanga pembeni kama walinzi. Ukirudi utazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Nimeutoa wapi? Hilo sikwambii. Nataka uje ukiwa na swali mdomoni, labda utawahi.

Mwanao hajambo. Anakaribia miaka mitatu na bado ni mdogo kama jina tulilompa, Tone. Siku hizi bustani ndiyo nyumba yake. Anapika udongo kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, anaonja kwanza mwenyewe, kisha ananiletea: "Kula, Mamdogo." Mimi nakula kwa kujifanya. Yeye hajifanyi, nimemfuta mdomo mara nyingi.

Kulala halali bila koti lako la kazini, lile uliloacha nyuma ya mlango. Anaweka kola puani, anasema, "Mama yuko humu," na macho yanajifumba.

Sasa nikuulize jambo moja, kwa sababu kwenye simu ya Jumapili sauti yangu hukwama. Mama huwaambia wateja wake wa cherehani kwamba umeenda kambi ya mbali kupandishwa cheo. Kwani cheo hakikuweza kukupata huku? Uwanja wa shabaha ulikokuwa ukifundisha uko dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni kwetu. Miezi kumi na minne ni mingi, Dada. Hata likizo hukuja.

Usimwambie Mama kuhusu udongo.

Mdogo wako,
Mnong'ono


Kambini,
19 Februari

Mnong'ono wangu, mwizi wa udongo,

Barua yako nimeisomea stoo, nimekaa juu ya marobota ya soksi. Sajini ninayefanya naye kazi, tunamwita Mzee wa Vifungo kwa sababu hawezi kuona kifungo kilicholegea bila kukishona, aliniuliza ni nani amefariki. Nikamwambia nacheka. Akasema, "Basi kicheko chako kinavuja, koplo."

Najua umeiba wapi. Ni kwa mkuu wa shule, kwenye yale maua yake ya waridi aliyokuwa akiyalinda kuliko wanafunzi. Ningelipa kumwona asubuhi ile ametoka na kikombe chake cha chai anakuta shimo. Siri yako iko salama kwangu. Na asante. Nimelala siku mbili nikiiwaza mikono yangu ndani ya udongo huo.

Lakini sasa nisikilize, na hapa siongei kama dada, naongea kama koplo. Lile koti lichomwe. Na buti zangu zilizo chini ya kitanda, zichomwe pia. Usizifue, usizikung'ute, usimpe mtu. Vaa mifuko mikononi, zichome mbali na nyumba, Tone asiwepo. Atalia siku mbili, atasahau. Usiniulize kwa nini.

Kuhusu cheo, barua haitoshi. Nikirudi tutaongea.

Unajua kila Jumapili napewa dakika tatu kwenye simu ya ofisi, nyuma yangu watu sita kwenye foleni wanakohoa. Mama akimpa Tone simu, Tone hasemi kitu. Anapumua tu. Dakika zangu zote zikiisha hivyo, narudi stoo nimeshiba.

Choma koti, mdogo wangu.

Dada yako,
Koplo


Nyumbani,
1 Machi

Dada,

Koti halipo tena nyuma ya mlango. Buti nazo hazipo chini ya kitanda. Umeridhika?

Samahani. Nilitaka kufuta mstari huo, lakini nikianza kufuta nitafuta barua nzima. Sikujua tu kwamba mtu anaweza kutoa amri harufu yake iondolewe nyumbani kwao.

Habari nyingine ni kwamba nimepata kazi, ya miezi mitatu. Uwanja wenu wa shabaha unafungwa. Wanataka kujenga nyumba pale, na kabla ya kujenga wametuma watu wa kupima udongo. Hao watu walimuuliza mkuu wa shule kama anamjua kijana mwenye mwandiko mzuri asiye na maneno mengi. Alinitaja kabla swali halijaisha. (Kwa hiyo si waridi zake. Umekosea.)

Kiongozi wao ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, wote wanamwita Daktari wa Udongo. Dereva wao anaitwa Breki, kwa sababu hajui kuzikanyaga taratibu. Siku ya kwanza Breki aliniuliza jina mara tatu, sauti ikanigomea. Mara ya nne akasema, "Basi binti, usijisumbue, naona maneno yamepanda bei." Watu wakacheka. Hata mimi, kwa ndani.

Kazi yangu ni lebo. Wao wanachimba na kutia udongo kwenye mfuko wa kuziba, mimi naandika nambari ya pointi, kina na tarehe. Ramani ina pointi arobaini, kila pointi mifuko miwili. Daktari anasema mfuko ukikosa lebo sahihi udongo wake unakuwa yatima. Haujulikani umetoka wapi, na hata ukiwa na habari mbaya kiasi gani, hauna pa kuipeleka.

Ana kifaa kama kile cha kukaushia nywele saluni. Anakielekeza kwenye udongo, anabonyeza, tunahesabu hadi thelathini, kinatoa namba. Anatafuta metali, kama madini ya risasi na shaba, na nyingine inayoitwa antimoni. Breki alimuuliza, "Kwani askari si huwa wanaokota vitu vyao?" Akasema, "Wanaokota maganda. Vichwa vya risasi viko ndani ya lile tuta nyuma ya shabaha. Miaka arobaini ya vichwa."

Tone anaumwa tumbo. Si sana. Hataki kula, na choo chake kimekuwa kigumu. Mama anasema ni minyoo, amempa dawa. Amekuwa na hasira za ghafla pia. Jana alimrushia paka kifuniko chake cha kupikia, na wewe unajua anavyompenda yule paka.

Kesho naposti barua hii. Alhamisi tunaenda kupima lile lundo karibu na uzio, la udongo ambao askari waliuchekecha Novemba. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Mnong'ono


Kambini,
27 Machi

Mnong'ono,

Wiki karibu nne, kimya. Kila posta ikija Mzee wa Vifungo ananiuliza, "Yule mwizi wako kaandika?" Sasa ameacha kuuliza, ananiangalia tu.

Jumapili Mama ananiambia "hatujambo, hatujambo" haraka haraka, kama mtu anayesukuma mlango ufungike. Jumapili iliyopita sikumsikia Tone akipumua. Mama alisema amelala. Saa nne asubuhi, Tone alale?

Kama una hasira na mimi, niandikie hiyo hasira. Nitaipokea kwa mikono miwili.

Na kuna jambo linaninyima raha. Lile lundo karibu na uzio. Ulisema hujui kwa nini uliniandikia. Mimi nimelala na mstari huo na kuamka nao, na nimeanza kujua. Tafadhali niambie nimekosea.

Dada yako


Nyumbani,
8 Aprili

Dada,

Hujakosea.

Udongo niliutoa pale. Bendera nyekundu ilikuwa imeshushwa, hakuna mazoezi, na uzio upande wa mtaro umelala chini tangu mvua. Novemba nilikuwa nimewaona askari wakiusafisha. Wawili huku, wawili kule, chekeche kubwa katikati, wanatikisa, na vichwa vya risasi vinabaki juu kama maharage. Uliwahi kunieleza kwamba mnafanya hivyo ili risasi isigonge risasi nyingine ikarudi kwa aliyeipiga. Nikajiambia, basi huu umeshaondolewa kila kitu. Hakuna udongo safi kuliko huu mji mzima. Nilifikiri hivyo, Dada, na nilijiona nina akili.

Alhamisi ile Daktari alielekeza kifaa chake kwenye lundo. Tukahesabu thelathini. Namba ilipotoka alikipiga kifaa kwa kiganja kama redio mbovu, akapima tena. Ileile. Breki akauliza, "Lakini si wameutoa vichwa?" Daktari akachota kidogo kwa kijiko, akautikisa mbele yetu.

"Kichwa kikigonga tuta kwa kasi ile kinapasuka," alisema. "Vipande vikubwa chekeche linavishika. Vumbi lake linapita pamoja na udongo. Ongeza mvua na kutu na miaka. Mtu akiuona huu atadhani ni wa kupandia maua, na ndio mbaya kuliko wote tuliopima hapa."

Kalamu ilinidondoka. Breki akaniokotea, akasema, "Leo binti kaongea kwa kalamu."

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilirudi nyumbani mbio, nikamtoa Tone kwenye kitalu, nikamwogesha mara tatu mpaka Mama akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia bustani imeingiwa na siafu, mtoto asiende tena. Nikaweka mabati juu ya vitalu na mawe juu ya mabati. Kesho yake nikatia udongo wa bustani kwenye mfuko wa kuziba, nikauandikia lebo kwa mwandiko wangu mzuri: Pointi 41, kina sentimita kumi. Nikaupenyeza kwenye sanduku la maabara katikati ya ile themanini. Nilitaka kujua bila kuuliza. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Kila siku nilisubiri, na kila siku Tone alikula kidogo zaidi. Jumapili ile hakulala, Dada. Alikuwa amejikunja kwenye kiti anashika tumbo, na Mama hakutaka ulisikie.

Matokeo yalikuja. Daktari alitandaza ramani mezani, akapitisha kidole, akafika mwisho. "Nani kachimba pointi arobaini na moja? Ramani yangu inaishia arobaini."

Breki akatazama dari.

"Mfuko kama huu ni yatima," Daktari akasema. "Kwa kawaida nautupa. Lakini namba zake zinafanana na za lile lundo, na ndani kuna mzizi wa karoti." Alikuwa ameushika mkononi, na pipa la taka lilikuwa karibu na mguu wake.

Dada, sauti iliyotoka sikuitambua. Ilitoka kubwa mno, kama ya muuza magazeti. Nilisema, "Ni bustani ya dada yangu. Kuna mtoto."

Hakunigombeza. Alivua miwani. "Ana miaka mingapi?" Nikasema. "Anatia udongo mdomoni?" Nikasema. Akageuka. "Breki, washa gari."

Siku hiyo Breki aliendesha polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa sababu Tone alikuwa amekaa mapajani pangu. Mama alibaki mlangoni na uzi mdomoni. Nilimwambia wanapima watoto wote wa mtaa.

Kipimo cha madini ya risasi kwenye damu ya Tone kilionyesha ishirini na mbili. Daktari wa watoto alisema ikifika tano tu wanaanza kutafuta inatoka wapi. Kwa kiwango chake hawampi dawa. Alisema tuondoe chanzo, tumpe maziwa na chakula cha kumwongezea damu, tumnawishe mikono kila wakati, na tusubiri. Nilimuuliza kama itamharibu akili. Alisema hawezi kuniahidi lolote, ila tumewahi kuliko wengi.

Na koti. Sikulichoma. Nililitoa tu nyuma ya mlango nikalitia kwenye kikapu changu pamoja na buti, na kila Tone anapolala nampa koti, akiamka nalificha. Ndiyo maana nilikuandikia vile, sikutaka kuandika uongo kamili. Daktari wa Udongo alipouliza kama nyumbani kuna nguo yoyote iliyotoka uwanjani nililileta. Alishukuru sikulichoma, moshi wake nao ungetudhuru. Alipima kola, namba ikatoka kubwa. Kola, Dada, ile anayoweka puani.

Uliniambia nisiulize kwa nini. Nauliza.

Ulijua?

Mnong'ono


Kambini,
20 Aprili

Mdogo wangu,

Nilijua. Si yote, lakini nilijua ya kutosha kukuandikia mstari mmoja, na sikuuandika.

Wakufunzi wa shabaha tulipimwa damu. Ilikuwa mwezi mmoja kabla sijaondoka. Daktari wa kambi aliangalia karatasi yangu akasema nina metali nyingi, imetoka kwenye vumbi la uwanja na moshi wa bunduki. Akauliza, "Unanyonyesha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Acha. Na hayo usimpelekee mtoto nyumbani." Basi. Nje kulikuwa na foleni. Nilitoka nimeshika karatasi na sikumuuliza hata neno moja.

Jioni ile nilifika nyumbani Tone akanikimbilia. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Akajibandika mguuni pangu, uso wake wote ndani ya koti lile. Nilimbandua kama mtu anavyobandua kaa la moto kwenye nguo, akaanguka. Unakumbuka? Ulinitazama ukasema, kwa kile kisauti chako, "Umekuwaje wewe?" Nilikuwa nimekuwa sumu, ndivyo nilivyofikiri.

Nikaomba uhamisho wa mbali, mahali pasipo na uwanja. Wakanipa stoo ya soksi. Cheo hakipo, Mnong'ono. Nilikizua mlangoni siku ya kuaga, Mama akakipenda, nikashindwa kumnyang'anya. Ni koplo yuleyule.

Likizo nimepewa mara mbili na mara mbili nimeikataa. Napimwa kila baada ya miezi minne. Inashuka, lakini haiishi. Nilijiwekea nadhiri kwamba siku karatasi itakaposema sifuri ndiyo siku nitakayombeba mwanangu. Mwezi uliopita ilikuwa bado.

Sikulaumu kwa udongo. Mimi niliondoka metali isimfikie, wewe ukaileta kwa toroli kwa sababu ulitaka nirudi. Ningekuandikia tu "usiguse kitu cha uwanjani," ungeenda kumwibia mkuu wa shule kama mwizi mwenye heshima. Mzee wa Vifungo amenikuta nalia, safari hii hakufanya mzaha. Alichukua koti nililovaa akashona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea.

Mama asijue kwa nini niliondoka. Nakuomba. Ataanza kuhesabu kila siku ambayo angeweza kunizuia.

Niambie Tone anakula nini. Niandikie kila tonge.

Dada yako


Nyumbani,
17 Juni

Dada,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nakusanya ujasiri, na sasa nimeshautumia, kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza Tone. Asubuhi anakunywa maziwa kikombe kizima na kuacha masharubu. Mchana anakula mayai, na majani ya kijani anayoyatema na sisi tunamrudishia. Ananawa mikono kila mara huku akiikaripia: "Mikono michafu nyie!" Kipimo cha pili kilikuwa wiki iliyopita. Kumi na nne. Imeshuka, itaendelea kushuka polepole, na watamfuatilia mpaka atakapoanza shule. Tumbo limetulia. Amemwomba paka msamaha.

Kuhusu Mama, sikumwambia yako. Nilimwambia yangu, siku moja kabla ya watu wa Daktari kuja kuchimba bustani. Alisimamisha cherehani.

"Toroli tisa?"

"Tisa, Mama."

"Mchana?"

"Mchana."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo unashona."

Kisha akasema, "Mtoto asiyeweza kumwomba muuza duka chumvi, kaliibia jeshi toroli tisa." Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa kitambaa cha mteja. Halafu akaniambia nilete sepetu, anataka kuanza yeye. Ilibidi nimzuie, lile vumbi halichimbwi hivi hivi. Kesho yake walikuja wamevaa vinyago, wakalowesha udongo, wakauondoa wote pamoja na karoti na vitunguu vyangu, wakaenda chini zaidi ya nilikochimba mimi. Koti na buti zako vilienda kwenye gari hilohilo. Lebo niliandika mwenyewe. Wametuletea udongo mwingine, una kokoto na mizizi na kipande kimoja cha chupa. Karoti zako zitajikunja tena. Nimefurahi.

Yako utamwambia Mama mwenyewe, ana kwa ana. Na sasa sikiliza kwa nini.

Siku ya mwisho ya kazi nilibaki nyuma na Daktari, tunafunga masanduku. Nilimuuliza. Kwa sauti, Dada, na maneno yote yakatoka kwa mpangilio. Nilisema, "Mtu aliyefanya kazi uwanjani, na damu yake ina ile metali, lakini ameshaacha. Akioga, akavaa nguo safi, anaweza kumbeba mtoto wake?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yanalowesha. "Anaweza. Kwa nini asiweze? Iko ndani ya damu na mifupa yake, haitoki kwa kukumbatia. Tatizo lilikuwa vumbi la nguo na viatu."

"Na akisubiri ifike sifuri?"

"Mifupa huikalia miaka mingi. Akisubiri sifuri, huyo mtoto atakuwa na watoto wake hajambeba." Kisha akauliza, "Ni nani aliyemwambia hawezi?"

Nikasema, "Hakuna. Hakuuliza."

Nilikaa kwenye sanduku. Breki alikuja, akatuangalia, akaondoka bila mzaha. Kumbe wewe nawe, Dada. Wewe uliyekuwa ukiwapigia amri askari arobaini wakalala chini wote pamoja, ulikwama kwenye swali moja, kama mimi mbele ya muuza duka. Miezi kumi na minane. Ningekuwa karibu ningekupiga, kisha ningekushika nisikuachie.

Sasa nina siri ya mwisho.

Koti lilipoondoka Tone alienda nyuma ya mlango siku tatu mfululizo kulitafuta. Hakulia. Alikuwa anagusa tu ule msumari. Siku ya nne nilitoa sweta yangu ya shule, ile ya kijivu, nikaifua, nikaivaa kutwa nzima juani nikichota maji na kufagia. Kisha nikampa. Nikamwambia, "Hii ni ya Mama. Kaituma."

Aliweka kola puani. Alikaa sana hivyo, nikadhani amenigundua. Halafu akasema, "Mama yuko humu," akalala.

Kwa hiyo sasa harufu ya mama yake ni mimi. Sioni fahari. Naona nimeiba tena, na hiki si cha kurudisha kwa toroli. Unaweza kukirudisha wewe tu.

Chukua hiyo likizo. Ukifika usiende kwa Tone kwanza, pitia dirisha la jikoni. Nitakuwa nimekuwekea maji ya kuoga na ile sweta. Ivae hata saa moja, itoshe au isitoshe, fagia nayo ua wa nyumba, chota nayo maji, kisha umpe wewe kwa mkono wako. Baada ya hapo itakuwa kweli niliyomwambia.

Mama hajui. Daktari wa Udongo hajui. Tone akikua atauliza mengi na tutamjibu mengi, tumejifunza. Lakini hili moja naomba libaki lako na langu. Kunja barua, itie ndani ya soksi katikati ya marobota yako, na usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Mnong'ono